Mbwa Wasio na Mwenyewe, na Mkono Unaowaua

Tulipokuwa watoto palikuwapo kijijini kwetu mzee mmoja aliyekaa karibu na mto. Mbwa jike alipozaa, na watoto wakawa wengi kuliko walivyoweza kulishwa, watu waliwatia wale wasiotakiwa katika kikapu, wakawapeleka kwa mzee yule, wakampa mkungu wa ndizi au kipande cha tumbako, wakarudi nyumbani upesi. Hakuna aliyengoja. Mzee alishuka mtoni, akafanya alilopewa kufanya, akapanda tena. Wala hakuwa mtu mkali. Mbuzi wake walimfuata kama watoto wamfuatavyo bibi yao. Lakini twakumbuka neno moja: watu walipopita kwake wakiwa na kiu, hawakunywa maji katika kata yake. Walisema, "Mkono ule!" Nasi tulijifunza kusema vivyo hivyo, kabla hatujajua maana yake, na kabla hatujajua ya kuwa kikapu kimoja kilitoka nyumbani kwetu.

Mzee yule tulikuwa tumekwisha kumsahau. Tumemkumbuka tuliposoma habari za daktari mmoja wa wanyama, mwanamke, aliyekuwa akifanya kazi huko Taoyuan katika kisiwa cha Taiwan, katika nyumba ya serikali ya kuwekea mbwa waliopotea na waliotupwa. Alikuwa amesoma katika chuo kikuu, akashinda mtihani wa serikali, akapewa kazi hiyo. Wenzake wamesema ya kuwa mara nyingi alikosa hata nafasi ya kula chakula cha mchana, na siku zake za mapumziko alizitumia kuwatunza mbwa na kuwatafutia watu wa kuwachukua. Lakini sheria ya wakati ule ilisema mbwa akikaa siku 12 bila mtu wa kumdai wala wa kumtaka, aweza kuuawa. Na mbwa walioletwa walikuwa wengi kuliko waliochukuliwa. Basi mikono ile ile iliyowaosha na kuwafunga vidonda ndiyo iliyowaua. Siku moja alitokea katika televisheni akaeleza waziwazi jinsi kazi hiyo ilivyo. Malipo yake yalikuwa matusi: watu wasiomjua walimwita mchinjaji. Mwezi wa Mei mwaka 2016 alijiua. Jina lake lilitangazwa katika nchi nyingi. Sisi hatuliandiki hapa, maana wako waliompenda.

Hatutaki kusema kana kwamba twajua yote yaliyokuwamo moyoni mwake. Kifo cha namna hii hakina sababu moja. Lakini hakuwa peke yake katika mzigo huu. Mwaka 2019 ilitangazwa Marekani habari ya uchunguzi wa vifo vya madaktari wa wanyama tangu mwaka 1979 hata 2015. Ikaonekana ya kuwa wanaume wa kazi hiyo walikuwa wamejiua mara 2 na zaidi kuliko wanaume wengine, na wanawake mara 3 na nusu kuliko wanawake wengine. Hao si wa nyumba za serikali tu, ni wa kazi yote. Hata hivyo hesabu hiyo yatulazimisha kuuliza swali ambalo kijijini kwetu hakuna aliyeliuliza. Mji mzima ukiwaacha mbwa wake wazae ovyo, ukawatupa, kisha ukampa mtu mmoja mshahara ili awaue, muuaji ni nani?

Twajua wako watakaosema, "Swali gani hili? Kwetu mtoto wa mtu hukosa dawa, nanyi mwalilia mbwa!" Tena wengine watauliza kwa haki, "Mbona twamchinja mbuzi na kuku bila kuulizana?" Hatuyadharau maneno haya. Lakini anayechinja mbuzi anajua kwa nini anamchinja, na wote watakaokula wanajua, pia wanamshukuru. Hawamwiti muuaji kisha wakanyosha mkono kwenye nyama. Na kuhusu mtoto asiye na dawa, neno tunalolitafuta hapa si thamani ya mbwa tu. Ni habari ya mtu, yule aliyewekwa penye mlango ambao wengine hawataki kuutazama. Kila mji una milango ya namna hiyo, wala si kwa ajili ya mbwa peke yake.

Kwanza na tueleze kazi yenyewe, maana wasomaji wengi hawajaiona. Daktari wa nyumba ya namna hii hakai akingoja mtu amletee paka mmoja mwenye jicho bovu. Asubuhi hukuta vizimba vimejaa, na mlangoni wengine wanaletwa: mbwa aliyegongwa na gari, mbwa mzee ambaye mwenyewe amehama, watoto wa paka waliookotwa katika sanduku, wachanga hata hawawezi kula, ambao lazima wanyweshwe maziwa kila baada ya saa chache usiku na mchana. Ugonjwa ule wa kuharisha damu uitwao parvo ukiingia katika chumba kimoja, daktari hana budi kuwafikiri wote pamoja, kama mchungaji wa kundi, na si mmoja mmoja. Tena yuko na kisu chake: huwahasi madume na kuwafunga majike uzazi, makumi kwa siku, na hiyo ndiyo kazi impayo furaha, maana kila mmoja aliyefungwa uzazi ni vikapu vingi visivyoletwa.

Kisha kuna kuua. Kuna mnyama ambaye maumivu yake hayana dawa. Kumfisha huyo pasipo uchungu ni huruma, na daktari aliyefanya hivyo hulala usingizi. Kuna mbwa mwenye kichaa cha mbwa, au aliyekwisha kurarua watu. Huyo naye hatumsemi. Lakini kuna wa tatu: mzima, mpole, mwenye kutikisa mkia, ambaye kosa lake ni moja tu, kwamba kizimba chake chahitajiwa na mwingine. Bernard Rollin, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika mwaka 1987 juu ya taabu hii, akaitenga na uchovu wa kazi nyingine zote. Alisema ya kuwa mchovu hupona akipumzika. Lakini mtu aliyeingia katika kazi kwa sababu ya kuwapenda wanyama, kisha kazi yenyewe ikamwamuru kuwaua wasio na ugonjwa, huyo amegawanyika ndani yake, wala likizo haimponyi. Sisi twaona amesema kweli. Mwenye jembe akichoka huweka jembe chini. Huyu ataweka nini chini?

Na jambo lililotushangaza zaidi katika kuichunguza habari hii ni hili, kwamba kadiri watu walivyozidi kumhurumia mnyama, ndivyo mkono wa mtu ulivyozidi kusogezwa karibu.

Tutazame mji wa New York. Katika miaka ya 1870 mbwa waliokamatwa barabarani walitiwa katika kizimba kikubwa cha chuma, kikainuliwa kwa mashine, kikateremshwa katika maji ya East River, makumi kwa mara moja. Aliyeshika mashine hakumgusa mbwa. Henry Bergh, aliyeanzisha mwaka 1866 chama cha kuwakinga wanyama na ukatili katika mji huo, aliombwa chama chake kiichukue kazi ya kuwakamata na kuwaua mbwa, akakataa. Alikufa mwaka 1888. Mwaka 1894 chama kikaikubali, kikaibeba miaka 100, mpaka kilipoiacha mwisho wa mwaka 1994. Waliokubali hawakuwa watu wabaya. Walisema, kama mbwa lazima wafe, heri wafe mikononi mwa wanaowahurumia. Mahali pengi katika Marekani hewa ya sumu ilishika zamu ya maji: sanduku, mlango, na mtu amesimama nje. Mwisho ikaja sindano ya dawa ya usingizi. Hiyo ndiyo njia iliyo njema kwa mnyama: hulala, kisha pumzi na moyo husimama, naye hajui. Lakini kwa sindano lazima watu wawili. Mmoja humkumbatia mbwa na kumshika mguu wa mbele, na mbwa, kwa kuwa ameshikwa kwa upole, huenda akamlamba uso. Wa pili hutafuta mshipa. Wote wawili humsikia akilegea.

Basi hii ndiyo bei ya huruma ile, nasi hatusemi isilipwe. Twauliza tu kwa nini ilipwe na watu wawili, na wengine wote wakae nyumbani wakijiita wapenda wanyama.

Tena watu wameupunguza uzito wa jambo kwa maneno. Waingereza husema mbwa "amelazwa usingizi", na Wajerumani vivyo hivyo. Neno laini si dhambi; hata sisi hatusemi mtu amekufa, twasema amelala. Lakini neno laini linalomfaa mwenye kufiwa halimfai mwenye kuagiza. Anayeleta mbwa mzima kwa sababu ya kuhamia nyumba nyingine, akaambiwa "atalazwa", huondoka kana kwamba amempeleka hospitali. Neno limemsaidia yeye. Daktari halikumsaidia neno, maana yeye ndiye ashikaye sindano. Kwa hiyo katika karatasi hii tumesema kuua.

Kuna udanganyifu mwingine wa namna hii, nao ni mgumu zaidi kuutambua, kwa sababu huvaa nguo nyeupe. Katika Marekani ziko nyumba za wanyama za namna mbili. Nyumba ya serikali huwajibika kumpokea kila mnyama anayeletwa, kipofu, mzee, mkali, mgonjwa. Nyumba za vyama vya watu binafsi zaweza kuchagua, na zikijaa hufunga mlango. Kisha nyumba iliyochagua huandika juu ya mlango wake, "Hapa hatuui." Ni kweli, haiui. Lakini yule iliyemkataa amekwenda wapi? Amekwenda barabara ya pili, kwenye nyumba isiyoruhusiwa kukataa. Na mwisho wa mwaka hesabu zikichapishwa, mmoja husifiwa na mwingine hulaumiwa. Hatusemi nyumba zinazochagua ni za wanafiki. Nyingi zimeokoa wengi. Mwaka 1994 chama cha San Francisco kilipatana na nyumba ya serikali ya mji ule kwamba kila mbwa au paka mzima asiye na ubaya, akikosa mahali kwa serikali, chama kitampokea. Hilo lilikuwa neno la kiume: hawakusimama kando wakahesabu makosa ya mwenzao, walichukua upande mmoja wa mzigo. Kwa jitihada za namna hiyo, na kwa kuwafunga uzazi wanyama wengi, idadi ya wanaouawa katika nyumba za Marekani imeshuka sana. Chama kile cha New York kilikadiria ya kuwa walikuwa milioni 2.6 mwaka 2011, na mwaka 2019 wapata 920,000. Imeshuka, lakini 920,000 ni sindano 920,000, na kila moja ina mkono wake.

Je, si rahisi kupiga marufuku? Taiwan walifanya hivyo. Mwaka 2013 ilitolewa sinema juu ya mbwa wa nyumba hizo, nayo iliitwa kwa hesabu ya zile siku 12, Usiku Kumi na Mbili. Watu walilia, wakadai, na mwaka 2015 sheria ikageuzwa, serikali ikapewa miaka miwili ya kujitayarisha. Tangu Februari 2017 mbwa hauawi tena kwa sababu tu siku zake zimekwisha. Yule daktari alikufa miezi kama tisa kabla ya siku hiyo. Sheria hiyo ni njema, nasi hatutaki irudishwe nyuma. Lakini haikuwafunga mbwa uzazi. Serikali ilipowahesabu mbwa wasio na mwenyewe mwaka 2018 walikuwa wapata 147,000. Mwaka 2022 walikuwa karibu 160,000. Nyumba zilizokatazwa kuua zikajaa, na aliyekuwa akiua sasa huwatazama waliosongamana wakiumana. Mzigo umehamishwa bega, haujatuliwa.

Katika Ujerumani sheria ni ya zamani zaidi. Sheria ya mwaka 1972 haimruhusu mtu kumwua mnyama pasipo sababu yenye akili, na kukosa nafasi hakuhesabiwi kuwa sababu. Na hapa tuna jambo dogo la kuwaambia wasomaji wa gazeti hili, maana ni la nyumbani kwa namna yake. Walioamsha mioyo ya Wajerumani katika shauri hili walikuwa wachungaji wa Kilutheri wa nchi ya Württemberg. Christian Adam Dann alikuwa mchungaji wa Mössingen; huko korongo mmoja aliyekuwa na kiota chake aliuawa kwa bunduki, naye mchungaji akaandika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1822, akiwafanya wanyama wenyewe wawaombe wanadamu huruma. Alikufa mwaka 1837, na mwaka ule ule rafiki yake Albert Knapp, mchungaji na mtunga nyimbo, alianzisha katika mji wa Stuttgart chama cha kwanza cha Ujerumani cha kuwalinda wanyama. Tunalipenda jambo hili si kwa sababu ya sifa ya kanisa, bali kwa sababu Dann hakuanza kwa kumtukana mwenye bunduki peke yake. Aliwaandikia watu wote.

Sasa turudi kwetu. Nyumba kama ile ya Taoyuan ni chache mno katika nchi zetu, na wengi wenu hamtaiona. Lakini mbwa koko mwawajua. Mwajua pia kwamba kikitokea kichaa cha mbwa, mara nyingi shauri la kwanza ni risasi au sumu, na Bwana Mifugo hupewa amri, akazunguka mitaani na watoto wakimfuata wakizomea. Tanzania ina sheria ya ustawi wa wanyama tangu mwaka 2008, lakini si kila anayepewa bunduki ameambiwa habari zake. Na jambo la kusikitisha ni kwamba kuua huko hakuzuii ugonjwa. Wataalamu waliofanya kazi miaka mingi katika vijiji vya kandokando ya Serengeti wameonyesha njia iliyo bora: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kichaa hukosa mahali pa kupita, na watu huacha kufa kwacho. Lakini mbwa waliochanjwa wakipigwa risasi, mahali pao huingia wengine wasio na chanjo, na kazi yote imeharibika. Siku ya chanjo huhitaji mwenye mbwa aamke mapema, atafute kamba, amvute mbwa wake mpaka uwanjani, angoje zamu yake juani. Risasi haihitaji mwenye mbwa afanye neno lo lote. Huenda ndiyo sababu risasi imependwa.

Tumemsikia Bwana Mifugo mmoja, tunayemheshimu, akisema kwamba katika miaka yake yote ya kazi aliulizwa mara nyingi ameua mbwa wangapi, wala hakuulizwa hata mara moja alilalaje usiku ule. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu asemaye habari za mvua.

Twarudi kwenye swali, muuaji ni nani? Wako wanaojibu, "Ni sisi sote," kisha wakaridhika, maana lawama ya wote hugawanywa vipande vidogo hata mtu asisikie uzito wa kipande chake. Sisi hatukubali jibu hilo lote. Aliyeshika sindano amefanya alilolifanya, naye mwenyewe hatakubali kuambiwa hakufanya kitu. Kumwambia hivyo ni kumdharau. Lakini aliyeleta kikapu akakimbia, yeye naye amefanya, na kukimbia kwake ni sehemu ya tendo. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikaa mpaka mwisho.

Na mzee wa mtoni? Tumeambiwa na dada yetu mkubwa neno ambalo sisi hatukuliona. Alikuwako mjane mmoja, mtu maskini, aliyekuwa na mbwa wa kulinda shamba lake la mahindi. Mbwa yule alipozaa saba, mjane alibakiza wawili, akawachukua watano, akaenda nao mwenyewe. Mzee akanyosha mkono apokee kikapu kama desturi. Mama akasema, "La, baba, twende sote." Akashuka naye, akamshikia kikapu, akasimama ndani ya maji mpaka kazi ikaisha. Walipopanda aliketi mlangoni, akaomba maji. Mzee akaingia ndani, akakawia, maana alikuwa akitafuta kikombe cha wageni. Mama akamwita, akamwambia kata ile iliyo juu ya mtungi yatosha.